Manjano yamepimwa, mukombero je?

Septemba 2023, jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ Evidence-Based Medicine, lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Thailand. Watu 206 wenye shida ya kuvimbiwa isiyo na chanzo kinachoonekana waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. La kwanza lilimeza kurkumini, kemikali inayoyapa manjano rangi yake. La pili lilimeza omeprazoli ya miligramu 20, dawa ya kupunguza asidi isiyokosekana kwenye kemisti yoyote kati ya Kisumu na Nakuru. La tatu lilipewa zote mbili. Zilipopita siku 28, kisha siku 56, makundi yote matatu yalikuwa na nafuu, na nafuu hizo zilikaribiana sana.

Habari kama hii ikifika kwetu huwa imeshapunguzwa hadi sentensi moja: manjano ni sawa na dawa ya hospitali. Ukilisoma jaribio lenyewe unakuta mapengo. Waliofika mwisho ni watu 151 kati ya 206. Hakukuwa na kundi la nne lililopewa plasebo, yaani kidonge kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani, kwa hiyo tunajua manjano na omeprazoli vilikwenda sambamba bila kujua ni kiasi gani cha nafuu hiyo kingekuja chenyewe, mtu akikaa tu nyumbani na kupunguza pilipili. Halafu kuna hesabu ya jikoni. Unga wa manjano wa sokoni huwa na kurkumini asilimia 3 hivi. Kijiko cha chai chenye gramu 3 kinakupa chini ya gramu 0.1, na wagonjwa wale walimeza kurkumini gramu 2 kwa siku, ndani ya kapsuli.

Hata hivyo Thailand wametuzidi, na walituzidi zamani. Mwaka 1989 madaktari wa huko waliwachukua wagonjwa 116 wa kuvimbiwa, wakawapa wengine manjano, wengine dawa ya kutoa gesi iliyokuwa ikitumika hospitalini, wengine plasebo. Katika waliomeza manjano, asilimia 87 walisema wamepata nafuu. Katika waliomeza plasebo, asilimia 53.

Hiyo 53 ndiyo namba ninayomwomba msomaji aishike. Zaidi ya nusu ya watu waliomeza kidonge kitupu walisema tumbo limetulia, na hawakuwa wakidanganya. Tumbo lisilo na kidonda huja na kuondoka. Mtu hutafuta dawa siku ile hali imezidi, na siku inayofuata siku mbaya kuliko zote kwa kawaida huwa afadhali, dawa au hakuna dawa. Sasa mweke mtu huyo Kisumu. Alhamisi amekunywa kikombe cha mizizi, Jumapili anakula samaki wa kukaanga bila taabu. Ataapa mbele ya kanisa zima kwamba mizizi imemtibu. Anayesema kweli kwamba alikunywa na akapona anaweza bado kuwa amekosea kuhusu kilichomponya, na hakuna namna ya yeye mwenyewe kulijua hilo akiwa peke yake.

Muuzaji naye amefungwa macho kwa njia nyingine. Aliyepona hurudi na kumleta shemeji yake. Asiyepona hubadilisha muuzaji. Baada ya miaka ishirini ya kuuza, mzee wa mitishamba amewaona waliopona tu, na imani yake katika chupa zake ni ya haki kabisa ukizingatia alichokiona. Simwiti tapeli. Nasema amekaa mahali ambapo ukweli wote haumfikii. Na ili tusimwonee, daktari anayeandika omeprazoli kwa kila tumbo bila kipimo naye amekaa kiti hicho hicho.

Ukienda soko la Kibuye mjini Kisumu Jumapili, siku linapofurika, utaikuta mimea ya tumbo ya karibu kila jamii ya ukanda huu kwenye gunia moja. Ogaka, yaani shubiri. Olusia kwa Waluo, ambayo Waluhya wanaiita omululusia. Magome ya roko. Mukombero, mzizi wa kutafuna, uliofungwa vifungu vifungu. Ukielekea Nakuru magunia yanabadilika kidogo, na muthiga unachukua nafasi ya mbele, gome linalowasha ulimi kama pilipili. Karibu yote hiyo inauzwa kwa ugonjwa mmoja uitwao alsa, kutoka Kiingereza ulcer, yaani kidonda cha tumbo.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia, kabla hata ya kufika kwenye mimea. Kwetu kila tumbo linalosumbua lina alsa. Mtu mwenye kiungulia, asidi ikipanda hadi kooni akilala, ana alsa. Mwenye tumbo linalojaa baada ya matonge mawili ya ugali ana alsa. Mwenye gesi ana alsa, na asiyepata choo siku tatu pia. Kidonda halisi cha tumbo kina sababu mbili kubwa zinazojulikana. Ya kwanza ni bakteria Helicobacter pylori, waliogunduliwa na Barry Marshall na Robin Warren huko Australia mwaka 1982, ugunduzi uliowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Ya pili ni dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, zile ambazo fundi wa mjengo au mama aliyeshinda shambani anazinunua mbili mbili dukani kila jioni kwa ajili ya mgongo. Ukimpa mtu huyo chupa ya mizizi huku anaendelea na diklofenaki, mizizi imepewa kazi isiyowezekana.

Kwa hiyo kila ninapoulizwa kama mmea fulani unatibu tumbo, najibu kwa swali: tumbo lipi?

Tuanze na tangawizi, kwa sababu ushahidi wake unaeleweka na kwa sababu unaonyesha vizuri mahali ushahidi unapokwama. Mwaka 2008 huko Taiwan, watu 24 wenye afya njema walimeza gramu 1.2 za tangawizi kavu kwenye kapsuli, na saa moja baadaye wakanywa mililita 500 za supu. Madaktari walitazama kwa mashine ya mawimbi ya sauti nusu ya supu hiyo ilichukua muda gani kuondoka tumboni. Walipokuwa wamepewa plasebo, ilichukua dakika 26.7. Walipokuwa wamemeza tangawizi, dakika 13.1. Ni tofauti kubwa. Mwaka 2011 jaribio kama hilo likafanywa kwa watu 11 ambao kweli walikuwa na shida ya kuvimbiwa. Tumbo likafunguka haraka tena, dakika 12.3 badala ya 16.1. Ila walipoulizwa wanajisikiaje, dalili zao hazikutofautiana na za siku ya plasebo.

Mashine iliona mabadiliko, mgonjwa hakuyaona. Watu 11 ni wachache, na mlo mmoja si maisha, kwa hiyo sitasema kesi imefungwa. Ninachosema ni kwamba tangawizi inafanya jambo halisi tumboni, inasukuma chakula mbele, na kama shida yako ni chakula kukaa mahali pamoja kama kimegandishwa, una sababu nzuri ya kuijaribu. Kama shida yako ni asidi inayopanda, jambo hilo halikuhusu sana, na kuna watu ambao tangawizi nyingi ndiyo huwaletea kiungulia chenyewe. Kuhusu kipimo, tangawizi mbichi ni maji kwa takriban sehemu nne kati ya tano, hivyo gramu 1.2 za kavu ni kama gramu 6 za mbichi, kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Hiyo sufuria ya tangawizi nusu kilo inayochemshwa mpaka inakuwa kahawia ni ushujaa usio na jaribio nyuma yake.

Kuna jambo kuhusu kikombe hicho ambalo kwa ukanda wetu lina uzito kuliko tangawizi yenyewe. Tunakunywa vitu vikiwa moto sana. Chai, uji, ile dawa ya mikahawani ya tangawizi, ndimu na asali, yote inanywewa huku mvuke ukipanda. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliweka vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, kwenye orodha ya vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa ni sehemu ya ukanda wa Afrika Mashariki wenye saratani hiyo kwa wingi usio wa kawaida; hospitali ya Tenwek kule Bomet imeiona kwa miaka mingi, na utafiti uliofanyika Eldoret na kuchapishwa mwaka 2019 uliihusisha na unywaji wa vinywaji vya moto sana. Mtu anayejitibu kuvimbiwa kwa vikombe vitatu vya tangawizi inayochemka kila siku anaweza kuwa anajiongezea hatari ambayo kuvimbiwa kwenyewe hakukuwa nayo. Acha kipoe. Hakuna kitu kwenye tangawizi kinachohitaji kukuunguza ili kifanye kazi.

Sasa tuje kwenye vichungu, maana dani na kukhu, yaani nyanya zetu wa Kiluo na Kiluhya, wengi wao huamini uchungu kuliko kitu chochote. Olusia, kwa jina la kitaalamu Vernonia amygdalina, ina kisa ambacho kingefaa kufundishwa katika kila shule ya Afrika Mashariki. Novemba 1987, katika milima ya Mahale upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika, mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, mtaalamu wa mitishamba wa jamii ya Watongwe, walimfuatilia sokwe jike aitwaye Chausiku. Alikuwa mgonjwa, amelegea, hali chakula. Akauendea mmea huo, akavunja tawi changa, akalimenya gome na kuondoa majani, akatafuna kiini cha ndani, akafyonza maji yake machungu na kutema nyuzi. Kalunde aliutambua mmea papo hapo. Watu wake waliutumia kwa maumivu ya tumbo na minyoo. Siku iliyofuata Chausiku alikuwa amechangamka. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1989, na ikafungua uwanja mzima wa utafiti kuhusu wanyama wanavyojitibu.

Nakipenda kisa hiki, na ndiyo maana nakerwa kinavyotumiwa. Kilichofuatiliwa baadaye kwa sokwe wa Mahale ni minyoo. Kisa cha minyoo hakiwezi kuhamishwa kikawa ushahidi wa kiungulia. Tena Chausiku hakula majani wala gome, sehemu ambazo ndizo zinazochemshwa kwetu na kuuzwa kwa lita. Alichagua kiini cha tawi changa na kuacha mengine. Kama tunataka kumfuata, basi tumfuate mpaka kwenye namna alivyomenya.

Je, uchungu wenyewe una maana yoyote kwa mmeng'enyo wa chakula? Unayo, lakini inakwenda pande mbili. Vipokezi vya ladha chungu haviko kwenye ulimi peke yake, viko hadi kwenye ukuta wa tumbo. Watafiti wa Vienna mwaka 2017 walionyesha kwa kutumia kafeini kwamba uchungu ukifika tumboni moja kwa moja huchochea asidi, na ukionjwa mdomoni unachelewesha. Kwa mgonjwa aliyepoteza hamu ya kula, kuchochea tumbo kunaweza kuwa msaada. Kwa mwenye asidi inayomchoma kifua usiku, ni kumwongezea kuni. Mmea mmoja, watu wawili, majibu mawili, na chupa ya sokoni imeandikwa tumbo tu.

Viungo vya duka la Mhindi vina hadithi yao, na nitaipitia haraka. Reli ilifika Port Florence, yaani Kisumu, mwaka 1901, na maduka ya Wahindi yakaja nayo. Binzari nyembamba, shamari na iliki vimo kwenye majiko yetu tangu hapo. Vilivyopimwa vizuri zaidi kati ya jamaa hao ni mafuta ya nanaa pamoja na mafuta ya kisibiti, ambayo Ujerumani huuzwa kwenye kapsuli moja, miligramu 90 za nanaa na 50 za kisibiti, na yamefanyiwa majaribio yenye plasebo kwa watu wa kuvimbiwa na yakafanya vyema. Nanaa hulegeza misuli ya tumbo. Hulegeza pia ule mlango wa juu wa tumbo unaozuia asidi kupanda, kwa hiyo mwenye kiungulia aiache.

Nakuru wana imani yao ya kabeji, na sishangai, ukizingatia malori yanayoteremka kutoka Molo. Juisi ya kabeji mbichi kwa vidonda vya tumbo ilianzia mbali na Molo. Mwaka 1949 daktari wa California, Garnett Cheney, aliwapa wagonjwa 13 lita moja ya juisi hiyo kila siku na akaripoti kwamba saba kati yao, waliokuwa na vidonda mwanzoni mwa utumbo mdogo, walipona kwa siku 10.4 kwa wastani, wakati aliowalinganisha nao kutoka kwenye kumbukumbu za kitabibu walichukua siku 37. Wagonjwa 13, bila kundi lao la plasebo, miaka zaidi ya thelathini kabla ya mtu yeyote kujua kuhusu H. pylori. Juisi hiyo haina madhara makubwa kwa wengi, ila gesi utakayoipata usije ukaniuliza. Kwa kidonda chenye bakteria, dawa za viuavijasumu zinaua bakteria na mara nyingi kidonda hakirudi. Kabeji haina ushahidi wa kufanya hivyo.

Kuna vitu viwili vya jikoni mwa magharibi ambavyo sijaona vikizungumzwa inavyostahili. Munyu, ule wa majivu ya maganda ya maharagwe au ya ndizi yaliyochujwa kwa maji, ni alkali, potasiamu kabonati kwa sehemu kubwa. Alkali ikikutana na asidi, asidi inapoa na gesi inatoka. Ndiyo kazi ile ile inayofanywa na pakiti ya Eno. Wazee waliolamba munyu kidogo baada ya nyama nyingi walikuwa na kemia upande wao. Lakini potasiamu nyingi ni hatari kwa mwenye figo dhaifu, na wanaotumia magadi badala ya munyu wajue kwamba magadi yana floridi inayoharibu meno ya watoto. Kitu cha pili ni mrenda. Wanasema ute wake unapaka tumbo mafuta. Dawa za kisasa za kiungulia zinazotumia alijineti, ute wa mwani wa baharini, hutengeneza tabaka linaloelea juu ya asidi na kuizuia kupanda, na hizo zimepimwa sawasawa. Mrenda si alijineti, na kufanana kwa ute hakutoshi. Wazo lakini si la kipuuzi hata kidogo, na ni wazo ambalo mtu wa chuo kikuu cha Maseno au cha Masinde Muliro angeweza kulianza maabara kesho.

Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa ni mmea, ukishindwa kutibu hautadhuru. Mwaka 1946 daktari Mholanzi aitwaye Revers aliona kwamba dawa iliyotengenezwa na mfamasia wa mji wake kutokana na mizizi mitamu ya likorisi ilikuwa inaponya vidonda vya tumbo. Aliona pia kwamba baadhi ya wagonjwa walivimba miguu na uso. Kutokana na mzizi huo Waingereza walitengeneza dawa ya vidonda iitwayo kabenoksoloni, na madhara yakaifuata dawa: maji mwilini, shinikizo la damu, potasiamu kushuka. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Australia ilitoa onyo kuhusu vidonge vya manjano na kuumia kwa ini. Ogaka nayo, ile maji ya njano ya chini ya ganda, ni dawa kali ya kuharisha. Marekani iliiondoa kwenye dawa za choo zinazouzwa bila cheti tangu 2002. Mtu mwenye tumbo linalonyonga ambaye anaharishwa kwa ogaka kila wiki anapoteza chumvi za mwili ambazo moyo wake unazihitaji.

Na kuna matumbo ambayo hayapaswi kusubiri mmea wowote, wala omeprazoli ya kununua bila kuonwa. Choo cheusi kama lami. Kutapika damu. Chakula kukwama kifuani wakati wa kumeza. Kupungua uzito bila kujua sababu, au kuvimbiwa kunakoanza ghafla kwa mtu aliyevuka miaka hamsini na mitano. Kwa wenye dalili hizo, hasa katika ukanda huu wa saratani ya umio, miezi mitatu ya mizizi inaweza kuwa ndiyo miezi mitatu iliyokuwa na maana. Wengi hawasemi kliniki kwamba wamekuwa wakinywa mitishamba kwa sababu mara ya mwisho waliposema waligombezwa. Muuguzi anayegombeza anapoteza habari ambayo angeihitaji zaidi: mgonjwa amekuwa na dalili kwa muda gani, na anachanganya nini na nini.

Sheria tunazo. Mwaka 2016 bunge lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi, na Sheria ya Afya ya 2017 ina sehemu nzima kuhusu tiba za jadi na tiba mbadala. Orodha ya matumizi tunayo pia. Profesa John Ongayo Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alikusanya mimea ya tiba ya Afrika Mashariki kitabuni tangu 1976. Tulicho nacho ni kumbukumbu ya nani anatumia nini. Ni hazina, lakini haijibu swali la 53: kati ya waliopona, ni wangapi wangepona hata hivyo?

Manjano na tangawizi vina majibu kwa sababu serikali na hospitali za Asia zilitoa pesa kupima vitu vya majiko yao. Thailand wameyaweka manjano kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu kwa ajili ya gesi tumboni, kwa hiyo walikuwa na sababu ya kujua. Mukombero haukushindwa mtihani. Haujaitwa darasani. Tafiti zake nyingi ni za panya wa maabara, na nyingi kati ya hizo zimeshughulika na nguvu za kiume, ambazo, tukubaliane, ndizo zinazouza mzizi huo steji za Kakamega na Luanda. Matumizi yake ya kuleta hamu ya kula na kutuliza tumbo baada ya pombe, ambayo Waluhya wengi wangeyataja kwanza, yamebaki nyuma. Wakati huo huo mzizi wenyewe unachimbwa msitu wa Kakamega, na mmea ukichimbwa mzizi mara nyingi unakufa.

Tusiambiwe kwamba hatuna uwezo. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kati ya 2009 na 2014 kwa watoto 15,460 katika nchi saba za Afrika, na Kombewa na Siaya vilikuwa miongoni mwa vituo hivyo. Watu waliojua kufuatilia watoto kwa miaka, kutunza siri ya nani amepewa nini, na kupiga hesabu zake, wanaishi hapa, na KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ina kituo chake Kisian, mwendo mfupi kutoka Kisumu. Jaribio la tumbo ni dogo mno ukilinganisha. Watu mia mbili wenye kuvimbiwa, waliopimwa kwanza H. pylori ili wenye bakteria wapewe matibabu yao, wiki nne, dodoso la dalili, vipimo vya ini na figo mwanzoni na mwishoni. Kaunti zetu zimetumia pesa zaidi ya hizo kwa mambo tusiyoyakumbuka.

Ugumu halisi ni plasebo. Olusia ni rahisi, unauficha uchungu ndani ya kapsuli, ingawa baada ya ile kazi ya Vienna ungetaka kundi jingine liuonje ulimini ulinganishe. Mukombero ni kazi zaidi kwa sababu unatafunwa, na hakuna mtu wa Shinyalu atakayedanganywa kwa mzizi wa mti mwingine. Harufu yake lakini inatokana na kemikali iliyo jamaa wa karibu sana wa vanila, chembe zile zile zimepangwa kwa namna tofauti. Chukua mzizi wenyewe, uchemshe mpaka utoke kila kilichomo, ukaushe, kisha uupake vanila ya dukani. Nyuzi zitakuwa zile zile mdomoni. Kabla ya kuwapa wagonjwa, wape wauzaji kumi wa Kakamega vipande viwili viwili, na uone kama wanaweza kusema kipi ni kipi.